Masahihisho ya Ukuta wa Ghala

(Maneno ya Mzee Alute Kisuda kwa niaba ya wazee wa Kata ya Unyasongo, Ijumaa saa kumi jioni, uani pa ofisi ya kata, siku ya kumuaga Mtendaji wa Kata, Mama Damari Nkuwi.)

Mheshimiwa Chediel, Mwenyekiti wa Halmashauri yetu na mgeni rasmi. Mheshimiwa Diwani Miraji. Ndugu Peniel, Mtendaji wetu mpya, ambaye shati lake bado lina mikunjo ya dukani. Mchungaji wetu na Shehe wetu, mliokaa benchi moja na halijavunjika. Wazee wenzangu mliobakiza meno na mliobakiza ufizi. Akina mama, vijana, na wewe mke wangu Rebeka, uliyeniapisha nisizidishe dakika kumi: nawasalimu wote kwa mkupuo mmoja.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa itifaki mimi ndiye nikuheshimu, kwa umri wewe ndiye uniamkie. Tusibishane mbele ya watu. Marahaba. Nimeitikia kabla ili tuokoe muda.

Kamati ya hafla ilinipa kazi mbili: kupanga viti na kusema maneno machache. Viti nimevipanga mwenyewe tangu asubuhi, kwa kupima kwa hatua zangu hizi, na naona meza kuu mnakifurahia kivuli. Kazi ya pili ndiyo naianza.

Mama Damari alitufikia miaka tisa iliyopita kutoka Kinampanda, Mnyiramba asiyechanganywa na maji, mtani wangu. Siku ya kwanza nilimwambia, "Watani, mmeishiwa watu wa kuwatawala huko kwenu mpaka mje kwetu Wanyaturu?" Akanijibu bila kupepesa: "Mzee, kwetu nilikosa nyumba mbovu za kutosha."

Nikajua huyu tutaelewana.

Nyie vijana hamjui tulikotoka. Zamani mtu akiwa na lalamiko, mtaro umeziba, choo cha jirani kimetitia, bati la baraza linataka kukata watu vichwa, aliliandika na kulitumbukiza kwenye sanduku la maoni pale mlangoni. Sanduku lilikuwa na kufuli. Ufunguo wake haukuwahi kuonekana na binadamu. Mama Damari alipolivunja alikuta nini? Kiota cha nyigu, na barua arobaini na moja, mojawapo ni yangu, inayolalamika kwamba sanduku halifunguliwi.

Akanunua kaunta buku, lile la jalada gumu. Akaandika juu yake: Malalamiko ya Majengo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtendaji aliyewahi kulifanya hapa. Aliyasoma. Na akishasoma, anavaa raba, anakwenda kuangalia.

Mnalikumbuka shauri la choo cha Mzee Andrea? Andrea, inua mkono wageni wakuone. Haya shusha, sisi wengine tulikuona vya kutosha mwaka ule. Choo chake kilikuwa na kuta tatu nzuri na mlango wa kiroba. Na upepo wa Singida mnaujua, haupigi hodi. Jirani yake Felista akapeleka lalamiko, Mama akaliandika neno kwa neno, nami nililisoma kwa macho yangu: "Kila asubuhi nikienda kisimani upepo unafunua kiroba na Mzee Andrea yumo ndani. Ni mtu mzima, rika la baba yangu. Nisipomwamkia ni utovu wa adabu. Nikimwamkia ni utovu zaidi. Naomba serikali inisaidie."

Mtendaji mwingine angemwandikia Andrea barua yenye mihuri miwili. Mama alifanyaje? Aliazima ndoo ya Felista, akaenda kisimani saa ile ile, akasimama njiani, na upepo ulipofanya kazi yake akakunja goti kwa heshima: "Shikamoo Mzee Andrea! Umeamkaje? Watoto hawajambo? Na ng'ombe je?" Andrea, kwa malezi mema aliyopewa na wazazi wake, akaitikia yote, mpaka ng'ombe. Saa sita mchana mlango wa mbao ulikuwa umesimama, na komeo lake.

Mnacheka. Zamu yangu inakuja.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mimi ni fundi mwashi, nusu ya nyumba mnazoziona kutoka hapa nimezijenga mimi, na zile zilizopinda alijenga mwingine. Lakini ukuta wa nyuma wa nyumba yangu ulikuwa na ufa ambao kuku alipita bila kuinama. Basi mwaka ule wa ukaguzi wa majengo hatari, Mama akapita na Bwana Afya, brashi na kopo la rangi nyekundu. Mimi nilikuwa shamba napura alizeti. Nikarudi nikamkuta Rebeka kakaa kizingitini, mkono shavuni.

"Alute," akasema, "serikali imekuja kukusahihisha. Umekosa."

Nikazunguka nyuma. X! Nyekundu, kubwa kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa.

Mheshimiwa, elimu yangu ni ya ngumbaru, miaka mitatu, chini ya marehemu Mwalimu Paskali. Alitufundisha hivi: ukikosa, unawekewa X. Ukiwekewa X hulii. Unafungua ukurasa mpya, unaandika Masahihisho, unapiga mstari chini yake, unarudia kazi. Ukipata, unawekewa vema. Kwisha. Mimi nilijuaje kama X ina maana nyingine? Wenzangu walianza kuhamisha vitanda na kuaga majirani. Mimi nikachanganya udongo.

Wiki tatu nzima nilifanya masahihisho. Nikachimba msingi, nikashindilia mawe, nikaziba ufa, nikaongeza nguzo ya kuegemeza. Ile X yenyewe sikuigusa, maana mwanafunzi hafuti alama ya mwalimu. Nilipomaliza nikachukua mkaa, nikaandika neno lile chini yake kwa herufi kubwa, nikapiga na mstari.

Mama akaja na notisi mkononi. Akasimama. Akasoma.

"Mzee Alute, hii nini?"

"Masahihisho, Mama. Naomba unisahihishie."

"Mzee wangu, X maana yake bomoa."

"Mama," nikamwambia, "mimi nimepata X nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani. Mwalimu akiweka X, habomoi mtoto."

Alicheka mpaka akakaa juu ya tofali. Kisha akaacha kucheka, akawa anautazama ukuta, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Kucheka kila mtu anaweza. Akamwita fundi wa Halmashauri. Fundi akaugonga ukuta, akausukuma, akauegemea kama mtu anayesubiri basi, akasema huu uko imara kuliko wa kwake nyumbani. Mama akachovya brashi, akachora vema, ndefu, mkia wake unafika darini. Halafu akarudi hatua nyuma, akatazama tena, akachovya tena, akaniongezea herufi moja. Nilikuwa nimeandika MASAIHISHO. Akaniwekea h.

Tangu siku hiyo kaunta buku lina safu tatu: Kosa, Masahihisho, Vema. Tangu siku hiyo hakuna ukuta wa mtu uliowekewa X katika kata hii kabla mwenyewe hajapewa nafasi ya kurekebisha. Asiyekuwa na nguvu alitafutiwa mikono ya majirani, na aliyekuwa na nguvu akasingizia kiuno, Mama alikaa uani kwake akinywa uji mpaka aibu ikamnyanyua mwenye nyumba. Je, mmewahi kuona serikali inayokuja na kuomba uji? Sisi tumeiona. Inapenda wa ulezi, usio na sukari nyingi.

Miaka tisa, malalamiko mia mbili na kumi na sita. Vema, mia mbili na kumi na tano. Vijana, acheni kupiga hesabu kwenye simu, nitawaambia mimi. Limebaki moja. Na hilo moja ndilo linalomfanya Mama leo acheke kwa mdomo tu, macho hayamo.

Lalamiko namba mia moja na tisini. Mlalamikaji ni Yasinta, fundi cherehani, anayewashonea watoto wetu sare za shule. Nyumba yake ndiyo ile yenye mlango wa buluu, mwisho wa uwanja huu. Kinacholalamikiwa ni ukuta wa ghala la zamani la mazao, ulioanza kuinama upande wake. Mwenye ghala ni Halmashauri.

Mheshimiwa, naona umeacha kunywa soda. Endelea tu, ni ya kwako.

Mama aliandika barua. Ya kwanza ikajibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili, linashughulikiwa. Ya tatu wakauliza ya kwanza iko wapi. Aliandika kumi na moja, na ile ya nane ndiyo ilipata jibu tamu kuliko yote: "Mtendaji wa Kata ampe mmiliki wa jengo notisi ya siku thelathini." Mmiliki wa jengo ni nani? Ni hao hao walioandika! Basi Mama, mtu wa utaratibu, akachukua fomu ya Halmashauri, akaipa Halmashauri notisi, akagonga mhuri wa Halmashauri, akaibandika kwenye ukuta wa Halmashauri. Ikakaa siku mbili. Mbuzi wa Mheshimiwa Diwani akaila, na mhuri wake. Naomba niseme wazi mbele ya wageni: katika uongozi wote wa wilaya, mbuzi yule ndiye pekee aliyeimeza hoja yetu.

Siku thelathini zikaisha. Mama akachukua kopo lake la rangi, akauwekea X ukuta wa mwajiri wake. Aliitwa wilayani kujieleza. Mnajua alijieleza vipi? Alisema, "Nimesahihisha daftari la Halmashauri kwa kalamu ile ile niliyosahihishia ya wananchi." Wakamrudisha, hawakumfukuza, lakini hawakuja pia.

Sasa Yasinta. Yasinta hataki ghala, hataki msaada, hataki hata pole. Kila mvua zikikaribia anaibeba cherehani yake anaileta kwangu, kwa sababu anasema yeye ana miguu, cherehani yake miguu inayo lakini haikimbii. Msimu wa kwanza Rebeka aliniuliza, "Alute, hii cherehani imekuja kuolewa?" Msimu wa pili akaitengea kona. Huu ni msimu wa tatu, imewasili tangu wiki iliyopita, na Rebeka akaipokea kama mkwe: "Karibu mwanangu, pole na safari." Tunacheka, lakini fundi asiyeshona nyumbani kwake wateja wanampotea, na mvua hizo hapo, wiki mbili zikifanya haraka, tatu zikituonea huruma. Udongo wa msingi wa ghala lile ukilowa mara moja zaidi, mimi fundi nawaambieni, hauvuki msimu.

Juzi Mama alikuja kwangu. Hakutania, nikashtuka. Akasema, "Mzee Alute, naacha kosa moja halina masahihisho. Mimi nikiondoka, daftari litaingia kabatini, na ukuta utaingia kwa Yasinta."

Ndugu wageni waalikwa, niwaulize swali la fundi. Ukuta ukianguka mzimamzima, unafika wapi? Hamjui? Unalala urefu wake. Hauongezi, haupunguzi. Ukuta wa hatua sita unalala hatua sita. Na swali la pili, jepesi zaidi. Kivuli hiki kizuri mnachokifurahia, ni kivuli cha nini? Rebeka, mama, hapo hapo ulipo, vuta ile kamba ya kitambaa cha mapambo kilichoko ukutani nyuma ya wageni.

Naam. Ndiyo yenyewe hiyo X.

Taratibu! Taratibu, jamani! Mheshimiwa Diwani, soda! Mchungaji, msubiri Shehe, mlikuja benchi moja! Na Mheshimiwa Mwenyekiti, mwendo huo sijauona tangu wakati wa kampeni.

Kaeni, kaeni hapo mlipohamia. Nawaambieni ukweli sasa: mlikuwa salama. Angalieni chini. Mnaona yale mawe meupe niliyoyapaka chokaa, mkasema wazee wamepamba uwanja? Si mapambo. Ni hatua sita kutoka ukutani, na hatua hizo nimezipima mara mbili. Meza yenu niliiweka hatua mbili nje ya mawe, na nimewafukuza watoto wasiingie ndani ya mstari tangu asubuhi. Jua la saa kumi linarefusha kivuli kuliko ukuta wenyewe, kwa hiyo kivuli kiliwafikia, ukuta usingewafikia. Mimi ni mtundu, siyo muuaji.

Lakini fuateni mawe kwa macho. Yanakwenda, yanakwenda, yanafika mlango wa buluu, na hayapiti nje ya nyumba. Yanaingia. Jiwe la mwisho nimeliweka ndani, kwa ruhusa ya mwenyewe, pale inapokaa cherehani. Na kitanda chake kiko ndani ya mstari.

Nyie mmesogea kwa kufumba na kufumbua, viti mmebeba wenyewe, hakuna aliyengoja itifaki. Nawapongeza, hayo ndiyo matengenezo ya haraka. Yasinta ana misimu mitatu anataka kusogea. Asogee na nyumba?

Mheshimiwa unasemaje? Semeni taratibu huko, nimsikie. Anasema, "Mzee, mbona mimi sikuambiwa?" Uliambiwa, Mheshimiwa, mara kumi na moja. Ila sikulaumu sana. Karatasi haiinami juu ya kichwa cha mtu.

Hapana, usisimame kutoa ahadi. Ahadi tunazo, tumezifuga mpaka zinataga. Ndugu Peniel, mwanangu, leta lile kaunta buku. Fungua mia moja na tisini. Mpe Mheshimiwa kalamu, safu ya pili, Masahihisho, aandike kwa mkono wake mwenyewe.

Anaandika. Tulieni, msimchungulie, hata mimi nilikuwa nakosa mwalimu akinisimamia.

Haya Peniel, soma kwa sauti. "Ukuta utashushwa na mafundi wa Halmashauri siku ya Jumatatu."

Shusheni mikono, bado! Makofi yasubiri. Jumatatu ipi, Mheshimiwa? Ngumbaru tulifundishwa siku za wiki, tukagundua Jumatatu hazina mwisho. Weka tarehe. Ndiyo. Jumatatu hii, tarehe kumi na nane, saa mbili asubuhi, mwenyewe utakuwepo, na Yasinta atahifadhiwa hapa ofisini mpaka vumbi litulie. Na sahihi. Asante sana, mwanangu. Sasa pigeni makofi, na vigelegele ruksa, akina mama msijibane.

Peniel, hilo ndilo somo lako la kwanza na hukulilipia: usipokee neno lisilo na tarehe, hata kutoka juu, hasa kutoka juu.

Mama Damari, simama. Wazee tulijadili zawadi siku tatu. Wengine walitaka kitenge, wengine kuku, na kuku wapo, nadhani mnawasikia wakilalamika kwenye tenga, ingawa hawa Peniel asiwaandike. Lakini zawadi ya wazee ni hii. Ni brashi. Mpya, ya inchi nne. Na kopo la rangi nyekundu.

Serikali inasema umestaafu leo. Sisi hatujakuruhusu. Tutakuruhusu Jumatatu. Ukuta ukishalala chini mahali ulipopangiwa, na siyo ulipojichagulia, yatabaki mawe ya msingi. Mimi nitatangulia na mkaa wangu, niandike lile neno, safari hii na h zake zote tatu, nipige na mstari chini. Wewe utakuja na brashi, utaweka vema. Namba mia moja na tisini. Kisha utafunga kaunta buku, utamkabidhi huyu kijana, utakwenda zako Kinampanda ukatusengenye kwa raha. Na ukisikia upepo umefunua kitu huko, uamkie kwanza ndipo uulize.

Unafuta macho nini sasa? Mtani halii mbele ya mtani, nitalitangaza hili mpaka kwenu Kiomboi.

Yasinta, binti yangu, Jumatatu jioni uje uchukue cherehani yako. Rebeka ameizoea, atanuna siku mbili, atapona. Na suruali yangu uliyoiacha nusu ndani ya droo uimalizie, nataka kuivaa siku ya vema.

Rebeka ananionyesha vidole, dakika zimekuwa ishirini na tano. Nimekosa, mama. Nitafanya masahihisho nyumbani.

Wote mliokuja, mliopika, mliobeba viti mara mbili, Mungu awape afya. Asanteni kwa kunisikiliza. Na nyie wa meza kuu, asanteni kwa kusogea.